Usiitikie Usichokielewa: Lugha ya Ugenini kwa Anayetoka Mombasa

Anayejiandaa kuondoka Mombasa kwenda kufanya kazi Jeddah, Doha au Hamburg huulizwa mengi barazani. Pasipoti imetoka? Ajenti anaaminika? Mshahara kiasi gani? Likifika suala la lugha, wote huwa na jibu moja: utaizoea hukohuko. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, maana wengi wameondoka hawajui neno na wamerudi wakizungumza. Lakini kati ya siku ya kufika na siku ya kuizoea kuna miezi, pengine miaka, na ndani ya muda huo mtu hutiwa mkataba mkononi asaini, huugua, huachiwa mtoto wa watu amlee, huelekezwa chupa ipi kabatini ni ya sabuni na ipi ni ya dawa kali ya kuzibulia mabomba. Hayo hayangoji ulimi uwe mwepesi.

Nimezungumza na wengi wa hapa mjini waliokwenda na kurudi, wa Ghuba na wa Ulaya, na kila nikiwasikiliza naona shida zao zinakutana mahali pamoja. Maneno wasiyoyajua yaliwasumbua, lakini kilichowaumiza zaidi ni kule kuficha kwamba hawayajui. Waliitikia. Na aliyeitikia huhesabiwa ameelewa.

Naam ya adabu na naam ya kazi

Mtoto wa Mombasa hufunzwa kuitikia kabla hajafunzwa kusoma. Akiitwa na mkubwa haulizi "nini?", husema naam au labeka. Mkubwa akizungumza, yeye huweka "ee" na "ndiyo" zake katikati ya maneno, kumwonyesha kuwa yupo naye. Ndiyo hiyo haimaanishi kwamba amekubali wala kwamba amefahamu. Anachosema ni: nakusikiliza, nakuheshimu. Sote hapa tunalijua hilo bila kuambiwa.

Sasa tuseme msichana huyohuyo yupo Riyadh, kwenye jikoni ya nyumba ya ghorofa mbili, wiki yake ya kwanza. Mwenye nyumba, ambaye dada zetu humwita madam, anajitanda kwenda harusini na anatoa maagizo kwa pumzi moja: nyama iliyo chini ya friji itolewe, ya juu isiguswe, mtoto apewe dawa baada ya kula, zulia la sebuleni lisitiwe maji, mlango wa nyuma ufungwe. Msichana amenasa maneno matatu: nyama, mtoto, mlango. Anajibu "naam". Neno lenyewe ni la Kiarabu na amelitamka vizuri, kwa hiyo madam haoni sababu ya kurudia. Akirejea usiku anakuta nyama ya juu imechemshwa, zulia limelowa, na mtoto amekunywa dawa tumbo tupu. Ugomvi unaofuata hauhusu lugha tena. Sasa msichana ni mkaidi, kwa sababu aliambiwa na akakubali.

Nimeurefusha mfano huu kwa sababu chanzo chake ni adabu, tena adabu njema. Msichana hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya vile alivyolelewa, mahali ambapo tendo hilo lina maana nyingine.

Dawa yake ni kurudisha maneno. Wauguzi katika hospitali nyingi duniani hufunzwa wasimuulize mgonjwa "umeelewa?", kwa kuwa wagonjwa wengi watasema ndiyo. Humwambia aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyokunywa dawa akifika nyumbani. Mfanyakazi anaweza kuichukua njia hiyo akaitumia mwenyewe. Agizo likitolewa, lirudie kwa vijineno ulivyo navyo na kwa mikono: shika nyama ya chini, sema hii, onyesha ya juu, tikisa kichwa. Ni nusu dakika tu. Na ukiuliza, usiulize swali la ndiyo au siyo. Ukisema "nioshe hii?" na mwenzako naye hakukusikia sawasawa, atakujibu ndiyo kwa adabu zake, mkawa nyote wawili mmeitikiana gizani. Uliza "hii au ile?", "leo au kesho?", "kabla au baada?". Hilo halijibiwi kwa kichwa.

Ndiyo maana naona mafunzo mengi ya haraka huanza kombo. Huanza na salamu, jina langu fulani, natoka Kenya. Salamu ni tamu, na mgeni anayesalimu hupendwa, lakini sentensi za kwanza za kukaririwa ziwe zile za kukwama: sijaelewa, sema polepole, rudia, nionyeshe, niandikie, hii inaitwaje. Kwa Kiarabu, "ma fahimt" na "shwaya shwaya" zitakufaa siku ya kwanza. Kwa Kijerumani, "Das habe ich nicht verstanden" na "Bitte langsamer". Zikaririwe mpaka zitoke zenyewe hata moyo ukienda mbio, kwa sababu hapo ndipo zitakapohitajika.

Aibu tunayoondoka nayo

Kuna jambo letu ambalo hatupendi kulisema. Mombasa ni mji wa maneno. Leso hainunuliwi mpaka jina lake lisomwe, mzee barazani huheshimiwa kwa anavyoipanga kauli yake, na asemaye vibaya huchekwa. Tumewacheka sana wabara kwa "kitabu yangu" na "mtu mwenye alikuja". Mara nyingine tumewacheka kwa mapenzi, lakini tumewacheka. Kisha tunavuka bahari, na mchekaji wa jana ndiye leo asiyejua sarufi ya wenyewe. Anaogopa kutendwa alivyotenda, akachagua kunyamaza.

Nenda soko la Kongowea asubuhi ukamtazame mama aliyetoka Ukambani au Nyanza anayeuza viazi na vitunguu. Kiswahili alichoanzia kazi hakikuwa na ngeli hata moja iliyosimama, na aliuza. Alitaja bei, akakataa ya kuangushwa, akagombana na mwenye mkokoteni, akamuuliza mteja wa jana hali ya mtoto. Hakungoja sarufi ikamilike ndipo atandike gunia. Huyo tungemkalia kitako atufunze, kwa sababu ameshafanya hapa mjini kwetu lile tunalokwenda kulifanya Saudia.

Wataalamu wa lugha wamelieleza jambo hili kwa njia zao. Stephen Krashen wa Marekani aliandika mapema miaka ya 1980 kwamba hofu na aibu humzuia mtu: lugha anaisikia lakini haimwingii. Yeye alisisitiza kusikia, tena kusikia lugha inayofahamika, iliyokuzidi kidogo tu. Mwaka 1985 Merrill Swain wa Kanada akauonyesha upande wa pili. Aliwachunguza wanafunzi waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa cha darasani kwa miaka, akakuta wanaelewa vizuri sana lakini wakizungumza makosa ni mengi, kwa kuwa hawakusukumwa kusema vya kutosha. Basi kusikia kuna kazi yake na kusema kuna kazi yake, na anayejifungia chumbani kwa aibu hukosa vyote viwili.

Katika nyumba za Ghuba, mwalimu bora mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo. Mtoto wa miaka minne hutumia maneno machache, huyarudia bila kuchoka, huonyesha kwa kidole, na akikusahihisha hakudharau. Wengi niliowasikia wakizungumza Kiarabu kizuri cha huko, ukiwauliza wamekipata wapi, hutaja watoto waliowalea kwanza.

Kiarabu cha chuoni na Kiarabu cha jikoni

Mtu aliyesoma chuo, yaani madrasa, Mombasa, anayeisoma Qur'ani kwa tajwidi, hushangaa akifika Jeddah asimwelewe hata dereva. Hudhani alisomeshwa vibaya. Sivyo. Mwaka 1959 mwanaisimu Charles Ferguson alieleza habari za jamii ambazo lugha yao imegawika daraja mbili: ya juu, ya vitabu, hotuba na ibada, na ya chini, ya nyumbani na sokoni. Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake mikuu. Fus'ha tunayosoma chuoni ni ile ya juu, na hakuna Mwarabu anayebembelezwa na mamake kwa fus'ha. "Unataka nini?" ya vitabuni ni "madha turid". Riyadh utasikia "wesh tabi", Jeddah "esh tibgha". "Sasa" ya vitabuni ni "al-aan", na huko Ghuba ni "alhin", Jeddah "dahhin". Maneno haya ndiyo yanayotumika jikoni kutwa kucha, na chuoni hayasomeshwi.

Zaidi ya hivyo viwili kuna Kiarabu cha tatu ambacho mtu haambiwi habari zake mapema. Kilizaliwa baina ya wenyeji wa Ghuba na wafanyakazi kutoka India, Pakistan, Bangladesh, Ufilipino na kwingineko. Vitenzi vyake havibadiliki kufuata mtendaji, kiume na kike havitenganishwi, na vineno "fi" na "ma fi", yaani kuna na hakuna, hubeba karibu kila kitu. Mwenye nyumba akiona wewe ni mgeni atakusemesha hicho, na kwa miezi ya mwanzo anakurahisishia kweli. Unaweza kukaa nacho miaka, ukapika, ukalea, ukaenda dukani. Lakini siku unapotakiwa kumweleza polisi au afisa wa kazi ni nani alimtenda nani, lini, na kabla ya nini, kitakuangusha. Kwa hiyo nasema kichukue, kikufae, ila usikae hapo. Tega sikio madam anapozungumza na dadake kwenye simu au anapowagombeza wanawe: hicho ndicho Kiarabu cha mji ule, na maneno yake machache ya kila siku ukiyanasa, mengine yatafuata.

Na ile miaka ya chuoni haikupotea. Anayejua herufi anasoma kibandiko cha chupa ya dawa, kibao cha barabara na tarehe ya kuharibika maziwa. Sauti za 'ain na hha, ambazo wageni wengine huhangaika nazo, masikio yake yamezizoea tangu utotoni. Katuni nyingi za watoto hutafsiriwa kwa fus'ha, na taarifa ya habari husomwa kwa fus'ha, kwa hiyo televisheni ya sebuleni yaweza kuwa darasa la yule aliye na msingi. Maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiswahili nayo husaidia: sita, saba, tisa, ishirini na thelathini zitakuokoa sokoni. Lakini yasiaminiwe mno. Ukimwambia Mwarabu kazi fulani ni "rahisi", atakayoisikia ni habari ya bei ya chini.

Faida kubwa kuliko zote ni ya karatasi. Sheria ya Kazi ya Saudia inasema mkataba ukiandikwa kwa Kiarabu na lugha nyingine, nakala ya Kiarabu ndiyo inayoshika. Mawazo hayohayo utayakuta Falme za Kiarabu. Maana yake ni kwamba ile nakala ya Kiingereza unayoisoma kwa makini ofisini mwa ajenti, ikitokea tofauti, haitakusimamia. Mombasa tuna bahati ambayo mtu wa miji mingine hana: wasomao Kiarabu wapo tele, Mji wa Kale, Majengo, Bondeni. Kabla ya kusaini, omba nakala ya Kiarabu, umpelekee mmoja wao akusomee mstari kwa mstari: mshahara, siku ya mapumziko, muda wa mkataba, na nani atalipa tiketi ya kurudi. Ajenti akikataa kuitoa nakala hiyo, umeshajua jambo muhimu kuhusu ajenti huyo.

Usijilaumu ukijiona mzito. Serikali ya Marekani huwafunza wanadiplomasia wake Kiarabu kwa wiki 88 za darasa la kutwa, na Kiswahili kwa wiki 36. Hao wana walimu, vitabu na mshahara wa kukaa darasani. Kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani huko Ghuba, aliyefika mwezi wa tatu, anayelala saa sita usiku na kuamka alfajiri, akiweza kupokea maagizo na kuyarudisha sawasawa amefanya kazi kubwa.

Oman ni habari nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, familia nyingi za asili ya Oman zilizokuwa Afrika Mashariki zilihamia huko, na Kiswahili chao hawakukitupa. Maskati unaweza kuingia dukani ukauliza kwa Kiarabu cha kubabaisha ukajibiwa kwa Kiswahili cha Unguja. Kwa mgeni hiyo ni neema, ila aliyepata neema hiyo siku ya kwanza huchelewa sana kujifunza Kiarabu.

Ujerumani, ambako lugha hutangulia

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa kikazi mjini Berlin, Septemba 2024, vijana wengi wa hapa wanauliza habari za huko. Utaratibu wake ni kinyume cha Ghuba: lugha huulizwa kabla ya mengine mengi. Viwango ni sita, kuanzia A1 hadi C2, kwa mpangilio uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Anayekwenda kujifunza kazi kwa kawaida hutakiwa awe na B1, na muuguzi anayetaka kusajiliwa kwa kawaida hutakiwa B2. Kuna pia kozi za serikali za wahamiaji, ambazo kawaida huwa na masomo 600 ya lugha na 100 ya sheria, historia na maisha ya nchi, kwa hiyo kujifunza hakuishi uwanja wa ndege.

Lakini cheti nacho kisikudanganye. Sauti za mtihani hurekodiwa studio, na msemaji hutamka kila silabi. Nyumba ya wazee huko Bavaria haina studio. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye usemi wa utoto wake, na usemi huo ni wa kijijini, haumo katika kitabu cha B2. Kijana mwenye cheti kizuri akifika hapo huhisi ametapeliwa. Ajue ni jambo la kawaida, hata Mjerumani wa kaskazini hupata shida kusini. Cha kufanya ni kumwomba mwenzake wa kazini amtajie, na amrekodie kwenye simu, maneno ya hapohapo ya maumivu, choo, kiu, baridi na usingizi. Ayasikilize kwenye basi. Si mengi, na ndiyo yatakayotumika zamu nzima.

Namba zinahitaji uangalifu wake. Mjerumani husema 84 kwa kutanguliza nne: nne na themanini. Presha ya 148 akiitaja ni mia, nane na arobaini, na asiyezoea mkono wake utaandika 184. Hapo aliyehesabu Kiarabu chuoni ana nafuu ambayo pengine hakuitarajia, maana Kiarabu nacho hutanguliza mamoja. Wengine wote wairudie namba tarakimu moja moja: moja, nne, nane. Hakuna mwuguzi mkuu atakayekulaumu kwa kuhakikisha presha ya mgonjwa.

Saa, sukari na mguu

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari na watu hupapita.

Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Saa mbili asubuhi yetu, dunia karibu nzima huiandika 8:00. Mtu wa Mombasa mwenye Kiingereza chake hugeuza bila kufikiri anapozungumza. Lakini akiwa mgonjwa, amechoka, au anaitegemea programu ya simu imtafsirie, saa mbili huweza kutoka ikiwa 2:00. Dawa ya asubuhi ikaliwa alasiri, miadi ya kliniki ikapotea. Wajerumani nao wana lao: "halb neun", ambayo kwa neno ni nusu ya tisa, ni 8:30, si 9:30. Kwa hiyo saa zisisemwe tu. Ziandikwe kwa tarakimu za saa 24: 08:00, 14:00, 20:00, na mwenzako azione kwa macho.

Ugonjwa nao tunausema kwa njia zetu. "Nina sukari." "Presha imepanda." "Mguu unaniuma." Daktari wa Makadara anaelewa papo hapo. Mashine yaweza kumwambia daktari wa Stuttgart kwamba una sukari, kana kwamba umeibeba mfukoni. Na mguu wetu ni mmoja tangu nyonga hadi vidole, mkono nao tangu bega hadi kucha, wakati Wajerumani na Waingereza wameviita kwa majina mbalimbali, na mtafsiri, awe mtu au simu, hukisia. Yeye wetu haonyeshi mume wala mke: "ameanguka bafuni" ya kumhusu mama yaweza kufika kwa daktari ikiwa ya mwanamume. Simu ina msaada mkubwa na siwezi kumshauri mtu aiache. Ila ilishwe sentensi fupi, ugonjwa utajwe kwa jina lake kamili, kisukari, shinikizo la juu la damu, na kila tafsiri irudishwe kwa Kiswahili uone kama maana imerudi salama. Penye maumivu, weka kidole.

Bora zaidi ni kadi. Kabla ya kuondoka, andika kwenye karatasi moja aina ya damu yako, maradhi uliyo nayo, kitu kinachokudhuru, na dawa unazotumia. Dawa ziandikwe kwa jina lake la kitaalamu, si jina la kampuni lililo kwenye kasha. Majina hayo husimamiwa na Shirika la Afya Duniani na karibu kila mahali ni yaleyale: metformin ni metformin Mombasa na Doha, amlodipine vivyo hivyo. Paracetamol ni mojawapo ya machache yaliyo tofauti, maana Marekani huiita acetaminophen. Mfamasia yeyote ataisoma kadi hiyo hata kama hamwelewani neno jingine lolote.

Kwa mambo mazito, upasuaji, kesi, saini, simu haitoshi wala jirani hatoshi. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Uingereza, huduma ya afya ya umma nayo hutoa wakalimani. Haki hiyo huombwa mapema, wakati wa kuchukua miadi. Ujerumani bima ya afya kwa kawaida haimlipii mkalimani wa lugha, kwa hiyo huko panga mtu wako kabla ya siku yenyewe.

Na mtu huyo asiwe mwanao. Watoto hunasa lugha ya mitaani upesi, na mzazi hujikuta anamtuma wa miaka kumi asome barua ya benki au ampelekee daktari habari za tumbo la mama. Mtoto hawezi kubeba habari kama hizo, tena mengine huyaficha kwa haya. Wepesi wake wa kusema pia hudanganya: Jim Cummins wa Kanada alitofautisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ya kwanza huja kwa mwaka mmoja au miwili lakini ya pili yaweza kuchukua mitano hadi saba. Mtoto anayebishana na wenzake uwanjani kwa Kijerumani safi bado anahitaji msaada wa hisabati na historia.

Uchovu ambao familia haiuoni

Kusikiliza lugha usiyoimudu kunachosha mwili. Kila sentensi inahitaji nguvu ambayo kwa lugha yako hutumii, kelele kidogo ya feni au ya magari huiharibu, na simu ni mbaya zaidi kwa sababu midomo na mikono ya msemaji haionekani. Jioni mtu huyo hataki hata kujibu salamu. Nyumbani Likoni mama anasema mwanangu amebadilika, siku hizi hapigi. Hajabadilika, kichwa kimejaa.

Mbinu moja ndogo imewasaidia wengi: kumwomba bosi au mwenzako akutumie maagizo kwa ujumbe wa sauti badala ya kupiga. Ujumbe unasikilizwa mara kumi, unapunguzwa kasi, na neno gumu unamuuliza anayejua. Kiswahili cha usiku nacho kisikatazwe. Nimewasikia walimu wakiwaambia wanafunzi wasizungumze lugha yao kabisa ili wajifunze haraka, na sikubaliani nao. Mtu anahitaji saa moja ya kuwa mjuzi tena, ya kufanya mzaha na kuelewa kila kitu. Tatizo ni pale siku nzima inapokuwa Kiswahili, kazini na Wakenya, nyumbani na Wakenya, dukani kwa ishara.

Ndugu waliobaki nao wana kazi. Wasimuulize kila wiki kama ameshaijua lugha. Wakae na picha ya mkataba wake wa Kiarabu au Kijerumani, kurasa zote, na picha ya kadi yake ya matibabu. Wakae na anwani ya mahali anapoishi kama inavyoandikwa huko: Saudia majengo yamepewa anwani fupi ya herufi 4 na tarakimu 4, na mfanyakazi anaweza kuipiga picha siku ya kwanza, ikiwa imeandikwa kwenye kibao cha mlangoni, kabla hata hajaweza kuisoma. Gari la wagonjwa Saudia ni 997, Falme za Kiarabu 998, Ujerumani na nchi zote za Umoja wa Ulaya 112. Anayepiga akishindwa kueleza alipo, atatamka herufi na tarakimu hizo moja moja, na sentensi moja ya lugha ya huko aliyoikariri kabla hajapanda ndege: ninahitaji msaada, njooni hapa.